Kujenga na Kukabidhi: Huduma za Afya katika Nchi ya Mpanda tangu 1885

Historia ya huduma za afya za Kanisa la Kilutheri nchini mwetu kwa kawaida huandikwa kwa kuzifuata hospitali. Machame, Bumbuli, Ndolage, Ilembula, Haydom, na hatimaye KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971: mwandishi hutoka jina moja hadi jingine, na kila jina lina jengo, lina waasisi, lina picha ya zamani ukutani. Mpanda haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo ni katika nchi ya Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, chombo cha Walutheri kilisaidia kujenga huduma za afya kwa makumi ya maelfu ya watu, kisha kikaondoka bila kuacha hospitali hata moja yenye jina lake. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na kuuliza ni nini kilichobaki baada ya makabidhiano, na ni nani aliyekabidhiwa.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Mpanda haikuwa na mwelekeo mmoja wa kiutawala. Hadi mwaka 1974 ilitazama Tabora. Ulipoundwa Mkoa wa Rukwa ikaanza kutazama Sumbawanga. Na tangu 2012 inajitazama yenyewe. Kwa karani hayo ni mabadiliko ya anwani tu. Kwa mama mjamzito ambaye uchungu wake umekwama, ni swali la njia ipi atachukuliwa na ni umbali gani.

Karema

Aliyetangulia katika nchi hii hakuwa Mlutheri wala Mjerumani. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilianza kama kituo cha jumuiya ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 kikapewa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadre Weupe. Mwasisi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo ambalo wengi wa zama zake hawakuwa nalo: kwamba Waafrika wafundishwe udaktari, kisha warudi barani wakiwa matabibu na makatekista kwa wakati mmoja, wakiishi kama watu wa nchi. Kwa ajili hiyo vijana waliokombolewa utumwani walipelekwa kusoma katika kisiwa cha Malta.

Adrien Atiman alikuwa mmoja wao. Alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na akanunuliwa na wamisionari huko Algeria ili awe huru. Alisoma udaktari Malta katika miaka ya 1880, akaanza safari ya Afrika Mashariki mwaka 1888, na mwaka uliofuata akafika Karema. Alikuwa mgeni huko kama Mzungu yeyote. Hakujua lugha ya watu, na nchi aliyozaliwa ilikuwa upande wa pili wa bara. Lakini alibaki. Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa nchi hiyo, na mwana wao Joseph akawa padre. Atiman alitibu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani kwa miaka 67.

Tusimgeuze Atiman kuwa picha takatifu ya kutundikwa ukutani. Mtu mmoja hawezi kuwa mfumo wa afya, na mpango wa Lavigerie wenyewe haukudumu. Chuo cha Malta kilifungwa kabla ya karne ya 19 kuisha. Lakini lipo jambo ambalo mwanahistoria hana budi kuliona. Atiman hakuwatibu watu kwa dawa za Ulaya peke yake, bali alijifunza pia dawa za wenyeji, akazitumia pamoja na zile alizofundishwa. Isitoshe, katika miaka hiyo 67 alipita chini ya utawala wa Wajerumani na kisha wa Waingereza, akaona vita kuu mbili, wala mlango wake haukufungwa kwa sababu ya mabadiliko ya serikali. Watu wa Karema hawakuhitaji kukabidhiwa huduma hiyo, kwa kuwa aliyeitoa alikuwa jirani yao na mkwe wao.

Malale

Serikali za kikoloni zilikuja kwa njia nyingine. Ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliwatia Wajerumani hofu kubwa mwanzoni mwa karne ya 20. Robert Koch aliuchunguza katika Ziwa Viktoria mwaka 1906 na 1907, na baadaye kambi za matibabu zikafunguliwa pia kando ya Ziwa Tanganyika. Dawa iliyotumika, atoksili, ilitokana na aseniki, na baadhi ya wagonjwa waliipata kwa gharama ya macho yao. Si ajabu kwamba wengine walikimbia walipoitwa kupimwa.

Waingereza waliendeleza vita hiyo kwa silaha tofauti. Katika miaka ya 1920 na 1930, wakiongozwa na daktari George Maclean, waliamua kwamba njia ya kushinda mbung'o ni kuwakusanya watu. Familia zilizokuwa zimetawanyika katika misitu ya miombo, kila moja na shamba lake na mzinga wake wa nyuki, ziliamriwa kuhamia makazi makubwa yaliyofyekwa, ili ardhi yenye watu wengi ikose vichaka vya mbung'o kujificha. Wakonongo na Wabende walikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Inyonga ni mojawapo ya mahali palipokua kwa njia hiyo. Katika makazi hayo ndimo zilimowekwa zahanati. Humo ndimo dresa, yaani mfunga vidonda aliyelipwa na hazina ya utawala wa wenyeji kwa utaratibu ulioanza mwaka 1926, alikokaa na chupa zake.

Hatukatai kwamba maisha mengi yaliokolewa. Lakini tazama namna jambo lilivyopinduliwa. Karema tabibu alikwenda walipo watu. Inyonga watu walihamishwa hadi alipo tabibu. Tena kuna matokeo ambayo waliopanga hawakuyatazamia sana: nchi kubwa katikati ya makazi hayo ilibaki msitu mtupu. Miaka arobaini baadaye ramani ile ile iliwaonyesha watawala wa Tanzania huru kwamba Mpanda ina ardhi isiyo na mtu. Haikuwa tupu tangu uumbaji, na ni vema wanafunzi wetu wakumbuke hivyo wanaposoma habari za wakimbizi kupewa pori.

Mji wenyewe wa Mpanda ni mtoto wa mgodi. Madini ya risasi yalivutia mtaji wa kigeni, na reli ya kutoka Kaliua ikafika mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na mji ukabaki ukitafuta sababu nyingine ya kuwapo.

Mwese, Katumba, Mishamo

Mwaka 1964 mambo mawili yalitokea mbali mbali ambayo kwa Walutheri yana uhusiano. Huko Tübingen, Ujerumani, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni waliitisha mkutano juu ya huduma ya uponyaji. Waliokutana walisema kwamba uponyaji ni wajibu wa usharika mzima, si wa daktari na hospitali peke yake. Kutokana na mazungumzo hayo ilizaliwa mwaka 1968 Tume ya Kikristo ya Tiba, ambayo ilikuta kwamba sehemu kubwa mno ya fedha za tiba za makanisa katika nchi maskini ilimezwa na hospitali, huku wengi wa wagonjwa hawafiki kamwe hospitalini. Fikra hizo zilichangia tamko la Alma-Ata la mwaka 1978 juu ya afya ya msingi.

Mwaka huo huo wa 1964 Fungamano liliunda hapa nchini, kwa ajili ya Baraza la Kikristo la Tanganyika na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, chombo cha kuwahudumia wakimbizi kijulikanacho kwa herufi TCRS. Mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa katika milima ya Mwese, wilayani Mpanda, ambako Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Kivu walihamishiwa katikati ya miaka ya 1960. Wenye kutumwa Mwese hawakuwa wanatheolojia wa Tübingen, na hatudai kwamba walikwenda na azimio la mkutano mfukoni. Walikwenda na malori. Lakini hali ya mambo iliwalazimisha kufanya lile ambalo Tübingen ilisema: pasipo na mji wala hospitali wala barabara, afya haina budi kuanza na maji, njia na chakula.

Jambo hilo lilionekana kwa ukubwa zaidi baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Watu kwa maelfu mengi walivuka mpaka, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa ardhi badala ya kuwaweka kambini wakisubiri chakula cha msaada. Makazi ya Katumba, kando ya reli ya Mpanda, yalianza mwaka 1973. Mishamo, kaskazini-magharibi zaidi, ilianza mwaka 1978, hasa kwa watu waliotolewa Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako ardhi na maji havikuwatosha tena. Utaratibu ulikuwa wa pande tatu: serikali ilitoa ardhi na utawala, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa fedha, na TCRS ilifanya kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ipi? Barabara ilikatwa msituni kwanza, kwa kuwa bila barabara hata sindano haifiki. Visima vilichimbwa. Vijiji vilipimwa, na kila kaya ikapewa shamba lake; Mishamo ilikuwa na vijiji 16. Shule na zahanati zikafuata, na kituo cha afya cha kupokea wale ambao zahanati haikuwaweza. Pori la mbung'o lilifyekwa na wakimbizi wenyewe kwa shoka na panga, na kwa kulifyeka walifanya, bila kuamriwa na daktari, kile ambacho Maclean alikuwa amekitafuta. Nao walilima. Baada ya miaka michache Katumba na Mishamo zilitoa mahindi, maharage na tumbaku zaidi ya mahitaji yao, na watu waliofika wakiwa na njaa wakawa wanalisha mji.

Ilikuwa pia miaka ya matumaini kitaifa. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limegeuza macho ya serikali kuelekea vijijini; waganga wasaidizi wa vijijini walifundishwa kwa wingi; na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza, iliwafikia watu wapatao milioni mbili, ikiwahimiza kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Wazee wengi bado wanakumbuka vikundi hivyo. Zahanati za Katumba, kwa namna ya ujenzi na kazi zake, zilifanana na zile zilizokuwa zikijengwa na serikali kwingineko, na hilo lilikusudiwa. Chombo cha Walutheri hakikutaka kujenga ufalme wa pembeni. Kilijenga ili kikabidhi.

Makabidhiano

Katumba ilikabidhiwa serikalini mwaka 1978, Mishamo mwaka 1985. Kwa kipimo cha maadili ya misaada, huo ni mfano mwema: mgeni alimaliza kazi yake, akatoa funguo, akaondoka. Katika mikutano ya kimataifa makazi hayo yalisifiwa sana. Sisi hatupingi sifa hizo, lakini tunaona ziliandikwa mapema mno.

Kwanza, wakati ulikuwa mbaya. Mwaka 1978 ndio mwaka ambao vita ya Kagera ilianza, na muda si mrefu hazina ya nchi ilikuwa tupu. Zahanati nyingi nchini zilikosa hata dawa ya malaria, mpaka mpango wa dawa muhimu, uliosaidiwa na Denmaki kuanzia mwaka 1983 na 1984, ulipoanza kupeleka vijijini masanduku ya dawa yaliyofungwa. Serikali iliyopokea funguo za Katumba haikuwa na mafuta ya kupeleka lori Katumba.

Pili, na hili ndilo tunaloliona kuwa kiini cha mambo, tuulize aliyepokea funguo alikuwa nani. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi ya mwaka 1966, makazi yaliongozwa na mkuu wa makazi, mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Vijiji vya Katumba na Mishamo viliitwa vijiji, lakini havikuwa na halmashauri yenye mamlaka kama vijiji vya Watanzania jirani. Mkazi wake hakuweza kumchagua diwani. Alihitaji kibali ili kutoka nje ya makazi. Kwa hiyo zahanati aliyoijenga kwa mikono yake ilipokosa dawa, hakuwa na baraza la kuuliza swali lake. Alikuwa na ofisi ya kupeleka ombi.

Mtu anaweza kutujibu kwamba TCRS haikutunga sheria hiyo, wala haikuwa na uwezo wa kuibadili. Ni kweli. Lakini wanatheolojia tunalo neno tunalolipenda, diakonia, na mara nyingi tunalitumia kana kwamba huishia pale ambapo ndoo imejaa maji na mgonjwa amepewa kidonge. Tübingen ilikuwa imesema zaidi ya hapo: usharika, yaani jumuiya ya watu, ndio wenye huduma. Mpanda tulijenga huduma ya jumuiya mahali ambapo jumuiya, kisheria, haikuwapo. Ukosefu huo haukuonekana siku ya sherehe ya makabidhiano, kwa sababu visima vilikuwa vipya.

Miaka iliyopotea na uraia

Tatizo hilo lilijitokeza wazi kuanzia mwaka 2007. Katika mwaka huo serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ambao uliahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Katika mwaka huo huo ilikubaliwa kwamba makazi ya wakimbizi wa 1972 yafungwe. Wakazi walitakiwa kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Wengi mno, wapatao wanne kati ya kila watano, waliomba uraia, na mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa. Sharti likawa kwamba wahame Katumba, Mishamo na Ulyankulu na kutawanywa katika mikoa mingine.

Fikiri maana yake kwa zahanati. Nchi nzima inahesabu vijiji ili ijenge, na mahali hapa pamehesabiwa ili pafungwe. Hakuna mhandisi wa wilaya anayekarabati paa la jengo ambalo wenye kulitumia wametangaziwa kuondoka, na hakuna mzazi anayechimba choo cha kudumu katika uwanja atakaouacha. Kuhamisha kulisitishwa mwaka 2011, lakini hati za uraia hazikutolewa. Watu hawakuwa wakimbizi tena wala hawakuwa raia kamili. Ilikuwa, kwa namna fulani, hadithi ya malale iliyorudiwa: watu wa Mpanda wanapangwa upya juu ya ramani kwa ajili ya mema yao, na huduma inasubiri mpaka ramani ikamilike. Tofauti ni kwamba mara hii ramani ilishindwa. Waliokuwa wameishi pale miaka thelathini na mitano, wenye makaburi ya wazazi wao pale, hawakwenda. Serikali ilikubali wabaki, na mwezi Oktoba 2014 hati za uraia zikaanza kutolewa.

Mkoa wenyewe ulikuwa na umri wa miaka miwili tu, na ulirithi mzigo mzito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi, asilimia 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Hapakuwa na mkoa mwingine uliozidi hapo. Mchungaji anayesoma takwimu hiyo asidhani kwamba inahusu maadili ya vijana peke yake. Inahusu shule ya sekondari iliyo mbali, ndoa za mapema, na zahanati ambayo msichana anaweza au hawezi kuiingia bila kuulizwa na kila mtu barazani kilichompeleka.

Katika utaratibu wa leo zahanati ya serikali ina kamati, na wajumbe wake hutoka miongoni mwa wanaoitumia. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati, na kamati hiyo ndiyo inayopaswa kuuliza zimetumikaje. Watumishi wa Kanisa wanaohudumu Katumba na Mishamo, wa madhehebu yote, wanawajua wajumbe hao kwa majina, kwa kuwa Jumapili huketi nao ibadani. Makazi yenyewe yaliingizwa hatua kwa hatua katika utawala wa kawaida wa serikali za mitaa. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015, kwa mara ya kwanza, wengi wa wakazi wake walipiga kura wakiwa raia, wakachagua madiwani ambao mezani kwao hupita bajeti ya dawa, ya maji na ya barabara ile iliyokatwa msituni mwaka 1973.